Sogea Tuone Kitambaa

Picha ilipovuliwa fremu na kioo, uzito wake uliongezeka.

Felisia aliishusha kwenye ndoano ya mizani, akaipigapiga mizani kiganjani kama anayemwamsha mlevi, akaitundika tena. Ikasoma vilevile. Na kioo chake ilikuwa haifiki kilo nne. Sasa, ikiwa karatasi tupu iliyobandikwa kwenye ubao mwembamba, ilikuwa imepita tano. Kioo chenyewe kilikuwa pale pale kitandani kimeegemea ukuta, na fremu nyeusi imelala kando yake pamoja na skrubu.

"Mizani imechoka, mama mkubwa," alisema Joyness, ambaye alikuwa anapiga pasi gauni la kijani.

"Mizani haichoki. Wachovu ni watu. Angalia huo mkunjo wa begani."

Felisia alikuwa mwanamke wa kupima kila kitu kwa kilo, hata huruma. Miaka yake yote ya Guangzhou aliishi hivyo, kwenye chumba cha ghorofa ya tisa nyuma ya maduka ya jumla ya Zhanqian: viatu vinavuliwa maboksi, manukato yanavuliwa makasha, magauni yanakandamizwa kwa magoti mpaka robota linatoa pumzi ya mwisho, kwa sababu kago ya ndege haina aibu, inakulipisha hata hewa. Ndiyo maana hakufikiri mara mbili kuhusu kioo. Kioo ni uzito, kioo ni cha kuvunjika, na Sostenes aliyeagiza picha angeweza kukata kioo kingine huko huko Bukoba.

Huyo Sostenes alikuwa anamalizia hoteli, na alitaka picha ya kutundika mapokezi, "ya mkono, dada Felisia, siyo zile za plastiki zenye maporomoko ya maji." Felisia aliipata kwenye kichochoro nyuma ya soko la Shisanhang, kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka la familia. Ilikuwa picha ya mwanamke wa jukwaani, mwimbaji wa opera zao za huko: taji la lulu na maua kichwani, mikono myeupe ya vazi inayopita vidole na kushuka mpaka magotini, poda nyeupe usoni, wekundu wa waridi kuzunguka macho, mdomo wazi katikati ya wimbo. Ilichorwa kwa chaki laini za rangi, kwa ule mtindo wa Wafaransa wa zamani ambao hawachori mstari, wanadonoadonoa rangi na kuipapasa kwa kidole. Ukisimama mlangoni unamwona mtu mzima, mpaka jasho lake juu ya mdomo. Ukisogea karibu uso unakwisha. Jicho huna, pua huna, ni michirizi ya waridi na buluu iliyorundikana kama vumbi la chaki chini ya ubao wa darasani.

Mzee alisema na simu yake, simu ikatafsiri kwa Kiingereza, na Felisia alielewa vizuri sana, asije mtu akamtetea baadaye. Yule mwimbaji alipenda kutazamwa kuliko kula. Uso ukaanza kuugua, watazamaji wakaacha kuja, naye akaita mchoraji. Siku picha ilipokwisha, na uso ulikuwa umekwisha. Mama wa mzee huyo muuza duka alikuwa ameacha agizo moja tu kuhusu picha ile: kioo kisitolewe.

"Sawa, pengyou, sawa," alisema Felisia, akimwita rafiki kwa lugha yao kama anavyowaita wote anaotaka kuwapunguzia bei. Kisha akaomba apunguziwe.

Sasa unga wa rangi ulikuwa umeshuka kutoka kwenye picha na kutulia mezani, mwekundu wa waridi, laini kuliko poda ya dukani. Joyness aliuchovya kwa ncha ya kidole.

"Mama mkubwa, blashi yangu iliisha jana. Na laivu ndiyo hiyo inakaribia."

"Paka hiyo. Cha bure hakina chapa."

Joyness akapaka shavu la kulia, akapaka la kushoto, akakuta imebaki kidogo, akajipaka na kope. Chumba kikanuka ghafla udi uliozimwa na jasho la nguo zilizovaliwa na watu wengi. Felisia akafungua dirisha.

Binti huyu hakuwa wake. Alikuwa mtoto wa Kissa, mdogo wake aliyeko Tukuyu, na aliletwa China kwa sababu ya uso. Siku hizi mteja haendi dukani; anakaa na simu yake anasubiri avaliwe nguo mbele ya macho yake, na Joyness alikuwa na umbo la kuvaa chochote na mwanya wa meno ya juu ambao wanaume walikuwa wanauandikia kama vile una anwani yake. Kissa alipomkabidhi alimshika dada yake mkono. "Nirudishie kama nilivyokupa." Felisia akacheka. "Mtoto si sufuria, Kissa. Nikimwazima, ntampikia." Hata hivyo aliahidi.

Laivu ilikuwa saa kumi na moja jioni, ambapo nyumbani ni saa sita mchana, watu maofisini wanakula na simu iko mezani. Felisia alishika simu, akawa anasoma komenti kwa sauti, na Joyness anajibu akizunguka mbele ya marobota.

"Anasema gauni la kijani lipo la mama mnene?"

"Lipo, dada yangu, linavutika, ukizaa pacha bado utalivaa!"

"Huyu anasema mwanya huo ni wa kuzaliwa au wa Mchina?"

"Mwambie wa Tukuyu!"

"Sogea tuone kitambaa."

Hilo ndilo waliloandika wateja kila siku, na ndilo lililouza. Joyness alivuta pindo la gauni, akaja na hatua zake za madaha mpaka kitambaa kikajaa kwenye simu, nyuzi zikaonekana. Kisha akarudi nyuma. Felisia akaendelea kusoma, na ulimi wake ukamtangulia kabla akili haijafika.

"Na huyo mama mwenye mikono mirefu nyuma yako, yeye anauza nini?"

Joyness akageuka. Nyuma yake yalikuwa marobota, na juu ya marobota picha ikiwa imelala chali.

"Ni pazia," alisema Felisia. Chumba kile hakikuwa na pazia.

Lakini magauni yote yalikwisha siku ile. Kesho yake yakaisha ya wiki nzima, na wafuasi waliongezeka kama wamemwagwa kutoka kwenye gunia, na kila aliyeingia alikuwa hatoki. Joyness akawa haachi kupaka ule unga. Akawa anaimba akipiga pasi, sauti nyembamba ya juu, ya puani, inayopanda mahali ambapo hakuna ngazi. Felisia akiuliza umejifunza wapi, msichana anauliza, nini? Picha nayo ilikuwa inazidi uzito. Felisia aliacha kuipima. Alichokuwa hapendi kukijua alikuwa na tabia ya kutokipima.

Siku waliyoenda kuchukua mzigo kwenye soko la Zhanqian ilikuwa ile saa ya baada ya chakula cha mchana, ambapo Wachina wa soko zima hulala. Taa zinapunguzwa, na kila bosi na msaidizi wake anajilaza alipo, juu ya suruali, chini ya meza, shingo imepinda kwenye kiti. Waafrika huisubiri saa hiyo ipite wakiwa wamechuchumaa kwenye korido. Felisia alikuwa anahesabu jozi za jinzi kwa mama mmoja waliyezoeana naye, ambaye alikuwa amelala mdomo wazi na feni ndogo imemlenga kidevu.

Akasikia mti ukigongwa. Tok. Tok. Tok-tok-tok, kama vijiti vya kuita watu wakae kwenye viti.

Katikati ya korido, kati ya mistari miwili ya waliolala, Joyness alikuwa amesimama na mikono ya sweta lake ameivuta ikapita vidole. Aliirusha mbele, akaikusanya, akaimba. Hakuimba kwa nguvu. Na wale waliolala, bila hata mmoja kuamka, walianza kugeuza shingo, mmoja baada ya mwingine, chini ya meza na juu ya marobota, wote upande mmoja, nyuso zenye macho yaliyofumbwa zikamwelekea yeye kama viti vya ukumbi.

Yule mama wa jinzi peke yake ndiye aliyeamka. Alikuwa karibu naye kuliko wote. Alifumbua macho, akautazama uso wa Joyness kwa umbali wa mkono mmoja, akatoa mlio wa mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mei you! Mei you!" Hakuna, hakuna, neno wanalomwambia mteja wakitaka aondoke. Mzigo ulikuwa umejaa mpaka darini, naye alikuwa anavuta mlango wa chuma chini kwa mikono miwili huku akisema hakuna.

Felisia akamshika Joyness bega ili amgombeze, akamgeuza, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kioo akawa amemkaribia kabisa. Na palepale ambapo mwanga wa taa za nusu ulikuwa unafika aliona kwamba shavu la mtoto wa mdogo wake halikuwa shavu, lilikuwa michirizi, waridi juu ya kahawia na kahawia juu ya waridi, na jicho lilikuwa madoa mawili ya buluu nzito na doa jeupe dogo lililowekwa ili lidanganye kuwa ni unyevu, na pua haikuwepo, kulikuwa na kivuli tu upande ambapo pua ingekuwepo, na vyote hivyo vilikuwa vinatembea kidogo kidogo kama unga unavyotembea mtu akipumua karibu nao. Akarudi nyuma hatua moja. Joyness akarudi kuwa Joyness, mzuri kuliko juzi.

"Nini, mama mkubwa?"

"Vipodozi vimekuyeyukia. Twende."

Nyumbani Joyness alinawa. Akatoka bafuni na taulo mkononi, ananong'ona.

"Mama mkubwa. Angalia."

Kwenye taulo palikuwa na nyusi. Haikuwa nywele; ni mchoro wa nyusi, mzima, umegandamana na taulo kama ulivyokuwa usoni.

"Nikisogelea kioo cha bafuni nafsi yangu siioni, naona ukungu tu. Naogopa. Mpigie mama."

"Mama yako atafanya nini, atakuchorea nyingine? Vaa kofia." Kisha, kwa sauti ya chini, "Na usinawe tena."

Usiku ule, Felisia hakuangalia picha kwa makusudi, aliikuta inamwangalia. Taa ya bango la nje ilikuwa inaingia chumbani, nyekundu, kisha kijani. Mwanamke wa opera hakuwa tena wa michirizi. Uso ulikuwa umefunga, umekaza, hata kwa karibu ulikuwa na vinyweleo, na poda nyeupe imepukutika chini yake pakatokea ngozi ya kahawia. Mdomo ulikuwa wazi katikati ya wimbo kama mwanzo. Kati ya meno ya juu palikuwa na mwanya.

Asubuhi alikuja Maulida, mwanamke wa Pemba aliyekuwa anawapikia watu wa Afrika Mashariki chapati na samaki wa kupaka na kuwapelekea milangoni. Alirithi kwa bibi yake zaidi ya mapishi, na Felisia, mlokole wa kupigiwa mfano, alikuwa amemsengenya kwa hilo mara nyingi. Maulida aliingia na hotipoti, akasimama kizingitini, pua ikachezacheza.

"Bibi Felisia, humu mmefungua nini?"

"Tumefungua biashara."

Maulida akaweka hotipoti chini. Akamfuata Joyness kitandani, akamshika kidevu, akamsogelea mpaka pumzi zao zikakutana, na alipomwachia vidole vyake vilikuwa na rangi. Hakuvifuta. Aliitazama picha, akakitazama kioo ukutani, akamtazama Felisia.

"Umemtoa."

"Nimepunguza kilo."

"Huyu ni wa jukwaani. Damu hataki, ubani hataki, wala kuku mweusi hataki. Chakula chake macho. Kila jicho linalomtazama mtoto huyu linamlisha yeye, na anayelipia ni mtoto." Akapunguza sauti kwa sababu marobota yalikuwa yamesogea kidogo, bila mtu. "Mfunike uso. Mtu yeyote asimtazame, hata wewe. Zimeni hizo simu zenu. Ijumaa narudi na vitu vyangu, tunamrejesha kwenye kioo akiwa na njaa, na uso wa mtoto utabaki huku. Akiwa ameshiba hawezi kuuachia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Kontena langu la meli linafungwa kesho kutwa."

"Sikukuuliza kontena."

"Nusu yake ni tupu, Maulida! Nimeshalipia nafasi. Wateja wote wanangoja laivu ya leo. Moja tu, kisha namfunika mpaka Ijumaa yako."

Maulida akachukua hotipoti yake na chapati ndani yake.

"Mimi nimekuwa nikiogopa majini tangu mtoto," alisema. "Kumbe nilikuwa nawaonea."

Jioni Joyness alikaa kitandani na mtandio kichwani, hataki kusimama. "Mama mkubwa, nakupigia magoti. Leo niache. Ntafua, ntafunga marobota, ntapika. Leo niache."

"Simama mbali na simu," alisema Felisia. "Kwa mbali huna kasoro."

Na akauvuta ule mtandio.

Laivu ilipofunguka waliingia watu kama mafuriko, na Joyness alisimama ukutani na gauni jeupe la mikono mirefu ambalo Felisia hakuwahi kulinunua. Hakujibu komenti hata moja. Aliirusha mikono, ikapaa, ikakaa hewani zaidi ya inavyotakiwa kitambaa kukaa, na sauti ikatoka, na mahali fulani chini ya marobota vijiti vikaanza kugonga, tok, tok, na ile harufu ya udi uliozimwa ikapanda. Na Felisia, mkono wa simu umekufa ganzi, alisoma oda zikipita, za gauni, za sketi, za vitu ambavyo hakuvitaja, watu wakinunua bila kuuliza bei, mioyo myekundu ikipanda kwenye kioo cha simu kama mapovu ya sufuria, na kati yake akaona jina la mdogo wake.

*Dada zima simu. Anayeimba si mwanangu.*

Komenti ilikuwa imekaa juu ya oda, inaziba. Felisia aliisukuma kwa kidole gumba, ikaondoka.

Ndipo wakaanza. Mmoja aliandika, sogea tuone kitambaa. Wa pili akaandika, sogea. Wakaandika wote, wa Mbeya na wa Mwanza na wa Dodoma, sogea, sogea dada, sogea, mpaka hapakuwa na neno jingine kwenye simu, na Joyness akaanza kuja, kwa zile hatua zake za madaha, na kila hatua kitu kilikuwa kinamdondoka, kwanza unga mwepesi wa waridi uliotua kwenye gauni, kisha nyusi iliyobaki, kisha jicho la kushoto lililoteremka shavuni kama tone la rangi likasimama kidevuni na bado linapepesa, na mdomo, ambao wimbo haukuwa unatoka humo tena, ulikuwa unajaribu kusema neno fupi, mama, na kabla ya herufi ya pili mwanya ukatoka na meno yakatoka na mdomo wenyewe ukashuka wote kwa pamoja kama vumbi la ubao likipigwa kitambaa. Naye bado alikuwa anakuja, na kidole cha Felisia kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia, kimekaa pale muda wote, hakikushuka.

Uso mtupu ukajaa kwenye simu, mweupe, wenye nyuzinyuzi kama karatasi. Kisha mmoja akaandika: *Hiyo filta kali! Inaitwaje?*

Na huko kwenye marobota kitu kikapiga makofi.

Maulida alirudi. Alisema alikuwa ameshaapa harudi, na kwamba alikuwa anaiona laivu jikoni kwake kama wengine, na naye alishindwa kutoa macho, Mungu amsamehe. Akamwaga marashi sakafuni, akasoma kwa sauti ya haraka isiyopumua, na wakaishusha picha chini. Wanawake wawili wazima walihangaika nayo kama wanateremsha jokofu. Kioo kilipoigusa karatasi, ndani yake pakatokea kiganja, cha unga, kikabonyea kwenye kioo kikatafuta ukingo. Maulida akakalia kioo. Akakikalia kwa uzito wake wote wa mpika chapati huku Felisia akikaza skrubu kwa bisibisi, na ya mwisho ilipoingia vijiti vikanyamaza katikati ya kugonga.

"Nimemfunga," alisema Maulida. Alikuwa analia, jambo ambalo Felisia hakulipenda. "Lakini kashiba. Mtoto wako yumo naye. Nikimtoa mmoja natoka na wote wawili. Hii skrubu isiguswe na mkono wa mtu. Hata wewe ukifa, zikwa na picha hii."

Joyness alikuwa amelala kitandani, anapumua. Tundu za kupumulia zilikuwepo, na mahali pa kupitishia uji palikuwepo, lakini huwezi kusema ni pua, wala huwezi kusema ni ya nani. Ulikuwa uso uliofutwa kwa kitambaa kibichi. Sauti haikuwepo kabisa.

Kontena lilijaa likafungwa kwa siku yake. Sostenes alipelekewa maporomoko ya maji ya plastiki.

Uwanja wa ndege Felisia alimpitisha binti akiwa amefungwa bandeji, na maneno kwamba ameungua na mafuta ya kukaangia. Alama za vidole zilikubali. Yule mwanamke wa pichani hakuwa na haja na vidole. Kwenye ngazi za ndege Felisia alimbeba binti mgongoni bila taabu, mwepesi kama robota la mitandio. Picha ilitozwa uzito uliozidi.

Na uongo wa mafuta aliuendeleza mpaka Tukuyu, kwa sababu ukiuanza uwanja wa ndege utauachia wapi? Yale Kissa aliyoyaona kwenye laivu aliyaita filta. Kissa alipiga yowe lililowatoa majirani. Alimkumbatia mwanawe, alimfunua bandeji, akaifunga tena kwa haraka. Felisia akaona hawezi kukaa mikono mitupu mbele ya yowe lile. Akaitoa picha kwenye kitambaa ilichofungiwa.

"Nilimchoresha kabla ya ajali," alisema. "Ili ubaki naye."

Ilikuwa kama Kissa amepewa shamba la chai. Aliitundika sebuleni mkabala na mlango, juu ya runinga, na wanawake wa kwaya waliokuja kutoa pole wakapangwa kwenye viti kwa mistari, wote wameelekea huko, wanatazama. Walisema chaki gani hiyo, mpaka mwanya umeupata. Wakasema ukisogea ndiyo anazidi kuwa yeye. Walitazama, na kila aliyekaa alikuwa hasimami. Joyness alikuwa kwenye mkeka kando, amegeukia ukuta, hakuna aliyekuwa anamtazama.

Kissa alisogeza uso wake kwenye kioo kama anayetaka kubusu.

"Dada. Kuna umande humu ndani."

Felisia aliona. Kioo kilikuwa kimepata ukungu upande wa ndani, pale mbele ya mdomo, unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka.

"Ni baridi ya Tukuyu," alisema.

"Baridi gani! Mwanangu atavunda humo. Lazima kioo kitoke kifutwe, na karatasi ipate hewa." Akapitisha kidole pembeni mwa fremu. "Ni skrubu nne tu. Wewe mfanyabiashara hukosi bisibisi kwenye mkoba."

Felisia alifungua mdomo. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi, usitoe, lakini nyuma yake lilikuwa linavuta mengine yote, kwa nini nisitoe, na kioo, na unga, na mtandio alioubandua kichwani kwa mtoto aliyekuwa anampigia magoti, na komenti aliyoisukuma kwa kidole gumba; mzigo wote ule, na wanawake wa kwaya wamekaa wanamtazama. Akaupima. Akaona hawezi kuubeba.

"Sina," alisema. Bisibisi ilikuwa kwenye mkoba, inamchoma ubavu.

"Basi kisu kitatosha," alisema Kissa, akaenda jikoni.

Kule mkekani, Joyness akakaa wima. Akavuta mikono ya sweta ikapita vidole. Na yeye ambaye tangu Guangzhou hakuwahi kutoa sauti, akakohoa kidogo, mara mbili, kama mtu anayesafisha koo.